Liki Tatu Ndani ya Kaburi Namba Kumi na Saba

Mahali palipokuwa na kaburi namba kumi na saba sasa pana chumba cha kutenganishia takataka. Ni chumba kizuri. Kina taa zinazojiwasha zenyewe mtu akiingia, na mapipa sita yenye picha, ili hata asiyejua kusoma asikosee. Nimeingia humo mara moja tu, nilipokwenda kumtembelea mtu wa kanisani kwetu aliyepanga ghorofa ya pili. Nilisimama kati ya pipa la karatasi na pipa la mabaki ya chakula, nikasema hodi, halafu nikaona aibu nikatoka.

Kiangazi kile tulipochimba, palikuwa shamba la shayiri lililoachwa, kati ya Upplands Väsby na Märsta, karibu na reli. Kampuni moja ilitaka kujenga nyumba za kupanga. Lakini katika nchi hii huwezi kujenga nyumba kabla hujajua nani alikaa hapo kabla yako, hata kama mtu huyo alikufa miaka elfu moja na zaidi iliyopita na hakuacha anwani. Kwa hiyo wanaitwa watu wa akiolojia. Wanachimba kwa mwiko wa mwashi na brashi, wanaandika kila kitu, wanapiga picha kila kitu, halafu wanaondoka, na katapila linaingia kusomba vyote. Nilipoelezwa utaratibu huo mara ya kwanza, nilidhani sijaelewa Kiswidi. Nilikuwa nimeelewa vizuri.

Kazi niliipata kupitia ofisi ya ajira. Kabla ya hapo nilisafisha vyumba vya hoteli karibu na uwanja wa ndege, miaka mitano. Mhudumu wa ofisi ile akaniuliza kama naogopa kazi ya kuinama. Nikamwambia sijawahi kupewa nyingine. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mimi tangu nifike nchi hii nilikuwa nimeinama vya kutosha kutoa vyote vilivyo mvunguni mwa Stockholm nzima. Mkataba ulikuwa wa mpaka udongo ugande kwa baridi, na kama mkuu wa kazi angeridhika, ningeitwa tena masika.

Mkuu wa kazi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyekaribia kustaafu, mwenye kofia ya kitambaa ambayo zamani iliwahi kuwa na rangi. Siku ya kwanza alituita sisi wasaidizi, akachimba shimo dogo mbele yetu, akarudishia udongo wote, akaukanyaga, akauliza tunaona nini. Tukasema hatuoni kitu. Akasema yeye analiona shimo. Udongo ukishachimbwa mara moja haurudi kuwa ulivyokuwa. Hata ukiurudisha wote, hata ukiuacha miaka elfu, anayejua kuangalia ataona rangi imebadilika. Kazi yetu yote ni hiyo, akasema, kuona pale mtu alipochimba. Nikaitikia kwa kichwa. Nilipaswa kusikiliza vizuri zaidi.

Neno lake kubwa lilikuwa kanske, yaani labda kwa Kiswidi. Ukimpelekea kigae cha chungu, akakigeuza, akakipuliza, alisema labda chungu. Ukimpelekea mfupa uliochomwa, labda mfupa. Kila tulichokipata kilijaziwa karatasi yake, kwa penseli, kwa sababu wino ukinyeshewa hukimbia. Karatasi ilikuwa na visanduku: namba, mahali, urefu, upana, kina, mawe, kilichomo, tafsiri. Mwisho kabisa, karibu na sahihi, palikuwa na visanduku viwili vidogo, kimoja cha hakika na kimoja cha labda. Kiangazi kizima sikumwona akitia alama kwenye hakika.

Nilikuwa naishi Märsta na mama yangu, vyumba viwili na jiko. Tulikuja pamoja kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na kabla ya hapo tulitoka Uvira, upande wetu wa Kongo. Mama alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikiniudhi. Simu ikilia na namba ikiwa ngeni, lazima apokee, hata kama mikono yake ina unga. Wengi wao walikuwa wauza umeme. Walimweleza kwa Kiswidi yote waliyotaka kumweleza, naye alisikiliza mpaka mwisho bila kuelewa hata neno moja, kisha akarudisha simu mezani polepole. Nilimwambia akate. Akanijibu kwamba kumkatia mtu simu si adabu. Basi, nikaona ni adabu.

Kuhusu kazi nilimwambia tunachimba vyungu vya kale. Ilikuwa kweli, maana vyungu vilikuwamo. Sikutaja kwamba vyungu vilikuwa makaburini, kwa sababu nilimjua.

Ikaja siku ya namba kumi na saba. Lilikuwa duara la mawe kama mengine kumi na sita, yamepangwa kwa mkono, na katikati shimo la urefu wa mtu. Katika yale mengine tulikuta majivu, mifupa iliyochomwa, shanga moja moja, misumari. Katika hili hatukukuta kitu. Tulichekecha udongo wote, ndoo baada ya ndoo, mpaka chekeche likawa kama linatucheka. Mkuu akatuma udongo kidogo maabara. Siku kadhaa baadaye jibu likarudi kwamba hakuna dalili kuwa mwili wowote uliwahi kuozea pale. Akakaa ukingoni mwa shimo na kahawa yake, akasema labda si kaburi. Labda ni watu waliochimba udongo wa kukandikia nyumba, wakaweka mawe ng'ombe asitumbukie. Angeamua Jumatatu, kwa sababu siku hiyo shimo lingepigwa picha ya mwisho na katapila lingekuja kulisomba.

Jioni ile mama alipika sombe, kisamvu chetu, na wali. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka ulimi wake hauna mlinzi. Nikasema tumefungua kaburi halina mtu, na mkuu anasema basi labda si kaburi.

Mama akaacha kula.

"Munafungua makaburi?"

Nikasema machache tu, ya zamani sana, yangesombwa na katapila kwa vyovyote.

"Na ile haina mutu. Hata mufupa?"

"Hata mfupa, mama."

Akasukuma sahani yake kando. "Basi na ile ya baba yako haiko kaburi."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini.

Baba alikuwa fundi cherehani. Vita vilipoingia mjini tulikimbilia milimani kwa ndugu za mama. Siku ya tatu baba akasema anarudi kuchukua cherehani, kwa sababu fundi asiye na cherehani ni mtu anayekaa tu. Akashuka asubuhi. Hakupanda tena, na waliopanda baada yake hawakuwa wamemwona, wala hai wala maiti. Tulingoja miezi minane. Mwishowe ndugu wakasema msiba hauwezi kuning'inia hivyo, watu wasiolia watakuja kuugua, na wakafanya kinachofanyika kwetu mtu akipotea. Wakakata kigogo cha mgomba. Mama alikuwa na tepu ya baba shingoni, alikuja nayo toka mjini bila kujua, akapima kigogo kwa kimo cha baba, tukakiosha, akakivisha shati la pili la baba. Tukakesha nacho usiku mmoja, tukakizika na kupanga mawe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nililia machozi ya kweli juu ya mgomba. Mwaka uliofuata tukakimbia tena, safari hii tukavuka ziwa, na hakuna aliyerudi kuyaangalia yale mawe.

Katika ofisi zote tulizopitia, kambini na huku, kila fomu ilikuwa na kisanduku cha baba: yu hai au amekufa. Mwandishi wa familia nilikuwa mimi. Kila mara niliandika amekufa, kwa sababu tulizika, na kwa sababu kisanduku cha tatu hakikuwapo.

Jumamosi ile palikuwa na siku ya wageni pale shambani. Wenyeji wa jirani walikuja na watoto na mbwa kuona tulichopata. Mama akaja pia, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Aliletwa na rafiki yetu mmoja wa kanisani, Mkenya wa kutoka Magharibi, anayehudumia wazee katika nyumba yao kule Upplands Väsby na mwenye gari. Mama hakuangalia shanga. Hakuangalia vigae. Alikwenda moja kwa moja mpaka namba kumi na saba, akamngoja mkuu wangu amalize na wageni wengine, akaniambia nitafsiri.

"Umuulize madamu. Kaburi kama haina mutu, iko kaburi ama haiko kaburi?"

Nikatafsiri. Mkuu akavua kofia. Alifikiri kwa muda uleule anaoutumia kwa vigae.

"Kanske," akasema.

Neno hilo mama hakuhitaji mkalimani. "Kanske, kanske," akaniambia tukiondoka. "Mwanamke na mvi zake, hajui kaburi ni kaburi." Kisha akasimama. "Na usiku munaiachaka wazi?"

Nikamwambia tunalifunika kwa plastiki.

"Plastiki haiko mutu. Kaburi yenye iko wazi inatafutaka mutu wa kuingia."

Nikamwambia mama, hapa ni Sweden. Yule Mkenya badala ya kunisaidia akasema, "Ai, lakini mama anasema ukweli. Hata kwetu kaburi hailali wazi. Na mtu akikosekana tunazika mgomba, na watu wanalia kabisa." Wakatazamana, mtu wa Uvira na mtu wa Magharibi ya Kenya, kama watu waliogundua wameolewa ukoo mmoja. Nilijua nimeshindwa.

Tatizo likawa mgomba. Ndizi zenyewe Märsta zinafika zimechoka na safari, sembuse mgomba wake. Duka la maua lilikuwa na mmoja wa mapambo, ndani ya chungu, wenye majani manne. Mama aliuzunguka, akauliza umeshazaa ndizi ngapi, akaambiwa huo hauzai. Akasema hawezi kumzika mtu mzima na kitu ambacho hakijazaa. Tukaenda dukani kununua vitu vya Jumapili, na pale kwenye mboga akasimama mbele ya liki, ile mboga ndefu nyeupe chini na kijani juu, ambayo yeye anaiita poaro kwa Kifaransa. Akaiinua, akaibonyeza. Tukanunua fungu zima. Nyumbani akaikata moja, akanionyesha: tabaka juu ya tabaka, maji ndani, hakuna mti.

"Angalia," akasema. "Ni mudogo wake."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, na baadaye nilijuta, kwa sababu hakuwa anafanya mchezo. Akaniuliza lile shimo lina urefu gani. Nililijua kwa kichwa, nilikuwa nimelipima mwenyewe: mita moja na sentimita themanini. Akatoa tepu ya baba. Liki moja haikutosha, wala mbili. Akazishona tatu, kichwa kwa mkia, kwa uzi mweusi na mshono wa fundi ambao hauonekani upande wa nje. Zikapungua sentimita mbili. Akasema watu wa zamani walikuwa wafupi, nami sikubisha, maana mkuu wangu alikuwa amesema hivyo hivyo, labda.

Jumapili baada ya ibada tukaenda. Ilikuwa kama saa kumi na moja, jua bado la mchana. Uzio ulikuwa wa waya tu, na mlango wake ulifungwa kwa kamba. Yule Mkenya alikaa nje kulinda, na mtu pekee aliyepita alikuwa mzee anayekimbia, akampungia mkono, naye akapunga. Mimi na mama tukaondoa plastiki. Nikashuka, nikakwangua mfereji mdogo chini ya shimo, wa kina cha kiganja. Mama akanipa zile liki, amezifunga katika kitambaa chake cha kichwa. Aliomba kwa sauti ya chini, akiwa amepiga magoti kwenye nyasi na kitenge kizuri. Nilitegemea atamwombea yule Mswidi wa kale mwenye kaburi. Alimwombea, lakini katikati nikasikia jina la baba, na kutoka hapo ombi likawa moja. Nikarudishia udongo. Nikaukanyaga vizuri. Nikaulainisha kwa mwiko, nikaona kazi yangu ni safi, hata mwenyewe sioni kitu.

Tukarudi nyumbani tukanywa chai. Mama alilala mapema.

Jumatatu asubuhi mkuu akasema tusafishe namba kumi na saba kwa ajili ya picha. Nikajitolea haraka. Akasema hapana, ya mwisho anasafisha mwenyewe. Nikasimama ukingoni na ndoo yangu.

Alishuka, akapiga magoti, akakwangua mara tatu. Akaacha. Akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande mwingine, kama kuku aliyeona punje.

"Hapa pamechimbwa," akasema.

Tukakusanyika. Dereva wa katapila naye akaja, mtu wa kutoka kaskazini ya mbali ambaye kwa wiki mbili alikuwa amesema maneno kumi. Mkuu hakuchimba ovyo. Haraka haraka haina baraka, na mwanamke yule hakuwahi kutamani baraka ya aina hiyo. Alitoa udongo wa nusu ya mfereji, kama sheria ya kazi yao ilivyo, ili aone tabaka kwa ubavu. Kikatokea kitambaa. Akakichora. Akakifungua kwa ncha ya mwiko. Kikatokea kitu cheupe.

"Mfupa?" akauliza mwenzetu mmoja.

"Labda," akasema mkuu.

Akaendelea kusafisha, nacho kikaendelea kuwepo. Weupe ukawa kijani, kijani kikaisha, ukaanza weupe mwingine. Dereva wa katapila akainama.

"Ni liki," akasema.

"Naona," akasema mkuu. Akaweka kijiti cha vipimo pembeni yake, akapiga picha. "Ni nani?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tena mimi ndiye niliyekuwa Mwafrika peke yangu pale, na kile kitambaa kilikuwa na picha za korosho. Nikanyoosha mkono.

Aliwaambia wengine waende kunywa kahawa. Tulipobaki wawili akafungua daftari, akanoa penseli.

"Hii ni ya lini?"

"Ya jana."

"Saa ngapi?"

"Kama saa kumi na moja jioni."

Akaandika. "Miaka thelathini ya kazi," akasema, "ni mara ya kwanza napewa saa."

Sikujua kama nicheke. Sikucheka. Nilimwambia nimekosa, najua kuingiza kitu katika eneo la uchunguzi ni kosa kubwa, na kama nafukuzwa niambiwe sasa nisikose treni. Aliuliza kwa nini liki. Basi nikamweleza. Nilimweleza mgomba, kaburi lisilolala wazi, tepu, shati la pili, yote, kwa Kiswidi changu cha hotelini, ambacho kina maneno mengi ya mashuka na machache ya msiba. Alisikiliza akiwa ameketi ukingoni na miguu ndani ya shimo.

"Mgomba huchukua muda gani kuoza?"

"Mvua mbili tatu. Ni maji matupu."

"Unaacha nini?"

"Hauachi kitu."

"Na mkemia wa maabara akichukua udongo ule?"

"Atasema hakuna mtu," nikasema.

Mkuu akafunga daftari. Akasema hapa pia watu walikuwa wakisafiri, wengine mashariki, wengine kusini, na wengi hawakurudi. Nyumbani walisimamisha mawe. Labda wengine walichimba shimo pia, wakaweka ndani kitu kinachooza. Gogo la mti laini. Furushi la nyasi lililovishwa shati. Hakuwa amewahi kufikiria hivyo. Halafu akasema, "Nilitaka kuandika shimo la kuchimbia udongo."

"Na sasa?"

Akavuta karatasi ya namba kumi na saba. Kwenye kilichomo akaandika: hakuna. Kwenye tafsiri akaandika: kaburi. Mkono ukashuka kwenye vile visanduku viwili, nami nikaufuata kwa macho kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Ukatia alama kwenye labda.

Wenzetu walirudi. Mkuu akamwambia dereva asubiri kidogo. Akazilaza zile liki tena kwenye mfereji wao, na kitambaa juu, akachukua sepetu akafukia mwenyewe. Mtu akauliza kwa nini tunafukia kitu ambacho katapila litakisomba baada ya nusu saa. Mkuu akasema shimo halipaswi kuachwa wazi, ni suala la usalama kazini. Kwangu akasema jambo moja tu, kwamba mara nyingine niulize kwanza. Nilifanya kazi mpaka udongo ulipoganda, na masika niliitwa tena.

Jioni ile mama alikuwa ananingoja mlangoni, hata viatu sijavua.

"Ameandika nini?"

"Ameandika kaburi."

"Hakika?"

Nilimtazama. Alikuwa na kijiko cha ugali mkononi, na uso wa mtu aliyesimama hivyo siku nzima.

"Hakika," nikasema.

Nilidanganya, na sikuona haya. Niliona wiki nzima ya labda imetutosha. Mama akashusha pumzi, akarudi jikoni, akaniandalia chakula cha watu watatu.

Tukiwa tunakula akauliza, "Ile karatasi, banaandikiaka watu wa hapa peke yao?"

Kesho yake nikamwomba mkuu karatasi moja tupu. Hakuuliza ya nini. Akanipa mbili, nisije nikakosea, na penseli.

Tuliijaza mezani baada ya kuondoa vyombo. Namba: mama akasema moja. Mahali: juu ya barabara ya kwenda kwa wajomba, chini ya shamba la mihogo, kabla ya kijito. Urefu: akavuta tepu mezani, ingawa alikuwa anajua, akaonyesha alama kwa kidole, mita moja na sentimita sabini na tatu. Mawe: akayahesabu kwa vidole na macho yamefumbwa, ishirini na moja, na moja lililopasuka. Kilichomo: kigogo cha mgomba, shati la mikono mirefu, vifungo vinne, cha tano kilikuwa kimeanguka. Aliyechunguza: aliandika jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa, akitoa ulimi kidogo. Tafsiri: "Andika kaburi." Nikaandika kaburi, na nilifurahi, nasema kweli nilifurahi, maana mimi nilikuwa nimeandika amekufa katika nchi mbili na sikuwahi kuandika kwamba tulizika.

Nikafika chini.

"Hapa wanataka nini?" akauliza.

Nikamwambia kisanduku hiki ni hakika, hiki ni labda. Nikashusha kalamu ya bic kwenye hakika bila kungoja, kwa sababu jibu lake nililijua. Mama akaushika mkono wangu.

"Weka kwa labda."

Nikamwangalia. Simu yake ilikuwa pale kando ya chumvi, mahali pake pa siku zote, kioo kikitazama juu.

"Mama, si ulisema mwenyewe..."

"Kaburi iko kaburi," akasema. "Weka kwa labda. Na usiandike na bic, uandike na ile penseli. Akikuja, tutaifuta."